Landrova ya Babu na Gasketi Isiyokuwa Yake

Maji ya rejeta yakichemka yananuka kutu, mpira unaokaribia kuungua, na utamu fulani wa kuchefua unaobaki kooni hata mvuke ukishaondoka. Naijua harufu hiyo tangu nikiwa darasa la nne. Mpaka leo nikikutana nayo barabarani, hata kama gari lenyewe limeegeshwa upande wa pili na dereva wake anapiga soga na abiria, napandisha kioo haraka. Watoto wangu huniuliza, "Mama, una nini?" Nawajibu kwamba sina kitu. Uongo mtupu. Nina kitu, na kitu chenyewe kilianzia kijijini kwetu, ndani kidogo kutoka Dutwa, wakati Bariadi ikiwa bado wilaya ya Shinyanga, mwaka ambao baba alikuwa anatafuta gasketi ya landrova.

Siku hizi kuna watu wanaozipenda landrova za zamani kwa namna inayonikera. Wanazipaka rangi, wanazipeleka harusini, bibi harusi anapigwa picha ameegemea boneti. Juzijuzi kijana mmoja kutoka Mwanza alifika nyumbani kwa baba, akalizunguka gari letu mkono ukiwa kifuani kama mtu aliyeingia kanisani, akaniambia, "Dada, gari hili lina roho." Nilitamani kumfukuza. Roho gani? Gari lina injini, injini ina vipande, na kila kipande ama kimekaa mahali pake ama hakijakaa. Nilimkaribisha maji, nikamwambia haliuzwi, nikamsindikiza hadi kwenye pikipiki yake.

Landrova ilikuwa ya babu mzaa baba. Aliipata kwa pamba, enzi ambazo mkulima aliyebahatika msimu mmoja angeweza kupata kitu kikubwa, na aliipata ikiwa tayari imechoka. Ilikuwa ya kijani kilichopauka, milango ya nyuma ilifungwa kwa kamba ya katani, na kiti cha mbele kilikuwa kimeshonwa na mama kwa turubai. Injini iliyokuwa ndani haikuwa ile ambayo gari lilizaliwa nayo. Ya kwanza ilikufa babu akiwa hai, fundi mmoja wa wakati huo akaitoa, akapachika nyingine iliyotoka kwenye landrova ya umri mwingine. Fundi huyo alishafariki, babu naye alishafariki, na hakuna aliyeuliza mapema alifanyaje hadi injini ile ikakubali kukaa mle. Baba alirithi gari, ng'ombe na shamba, na siku za mnada alibeba watu na mbuzi zao, msimu wa mavuno akabeba mafurushi ya pamba ya majirani. Watu walimwita dereva. Lakini nyumbani tulijua kazi hasa ya gari lile. Kazi yake ilikuwa Mabula.

Mabula alikuwa mdogo wangu, aliyenifuata. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana akaitwa hivyo, na mvua hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimwinda. Kijijini hatukuwa na jina selimundu. Tulisema tu mtoto ana ugonjwa wa damu. Macho yake yalikuwa na unjano usioondoka. Ubaridi ukija, vidole vilivimba, mifupa ikamuuma hadi akawa analia bila sauti, mdomo wazi. Maumivu yakiisha alikuwa mtundu kuliko watoto wote wa mtaa ule. Kwa kuwa nilipenda kumpangia mambo, aliniita shangazi. "Shangazi Limi kaja, jamani, kaeni vizuri," angewatangazia wenzake, nao wangecheka, nami ningemkimbiza kidogo tu, kwa sababu hakutakiwa kukimbia.

Hospitalini Bariadi daktari alikuwa amewaambia wazazi wangu maneno ambayo yaliingia nyumbani kwetu yakakaa kama mgeni asiyeaga. Mkiona viganja vimekuwa vyeupe, alisema, na tumbo limejaa upande wa kushoto, msingoje kesho. Mleteni siku ileile, aongezewe damu. Basi kila asubuhi mama alimwita Mabula mlangoni penye mwanga, akamfunua kiganja, akavuta chini kope la jicho, akatazama. Baba alisimama nyuma yake akijifanya anatafuta jembe. Mama akisema "Vizuri," siku ilianza, watu wakapata uji. Mara mbili hakusema hivyo, na mara zote mbili landrova iliwaka, ikavuka mbuga, ikafika Bariadi, baba akatoa damu yake mwenyewe na Mabula akarudi anachekacheka.

Mbuga ndiyo iliyokuwa shida. Kati ya kijiji chetu na barabara ya Dutwa kuna uwanda mpana wa udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, na baiskeli inapita bila taabu. Mvua ikinyesha udongo uleule unageuka ugali mbichi, unashika gurudumu, unashika kiatu, unashika kwato. Pikipiki wakati huo zilikuwa chache, na hata hizo chache hazikuthubutu. Gari la kuvuka mbuga masika lilikuwa moja tu, la kwetu, nalo lilivuka kwa gia nzito, taratibu, injini ikilia kwa juhudi.

Kiangazi cha mwaka ule, pamba ikiwa imekwisha kupimwa, landrova iliunguza gasketi ya silinda hedi. Kwa wasiojua: ni karatasi ngumu ya chuma iliyolala kati ya sehemu ya juu ya injini na sehemu ya chini, yenye matundu ya bolti, ya mafuta na ya maji, na tundu moja likikosea mahali pake, kazi imeharibika. Fundi wetu alikuwa Shija, rafiki wa baba tangu utoto, mcheshi mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa na banda lake Dutwa penye maegesho ya mabasi. Alikuja kwa baiskeli, akafungua hedi palepale uani, akaitoa gasketi ile imeungua upande wa nyuma hadi pameliwa, pamebaki pengo jeusi. Akaiinua juu, akasema, "Hii ndiyo sampo. Usiende dukani na jina la gari, kaka. Nenda na hii."

Ndivyo ilivyofanyika kwetu na ndivyo inavyofanyika hadi leo. Mtu hatafuti spea kwa namba wala kwa kitabu. Anabeba kipande kibovu mkononi, analaza kipya juu yake, vikilingana ananunua. Na kwa magari mengi njia hiyo haina ubaya. Baba aliifunga gasketi kwenye gunia, akaenda nayo Bariadi. Mara ya kwanza alirudi mikono mitupu. Mara ya pili alinichukua, kwa sababu nilihitaji sare za shule. Nakumbuka duka lilivyokuwa na giza, mikanda ya feni imening'inia darini, muuzaji akishusha gasketi moja baada ya nyingine na baba akizilaza juu ya ile kuukuu. Nyingine zilikuwa fupi, nyingine matundu ya bolti yalikataa kabisa. Nje, upande wa mashariki, wingu la kwanza la msimu lilikuwa limesimama. Baba alilitazama mara nyingi kuliko alivyotazama gasketi. Hatimaye ikashushwa moja, vumbi likapulizwa, ikalazwa juu ya sampo, na bolti zote zikaonana. "Hiyo hapo," alisema muuzaji. Baba alipumua kwa nguvu hadi nikamsikia.

Tulipofika nyumbani Shija alikuwa anangoja. Waliziweka gasketi mbili pamoja juu ya mkeka, wakazigeuza, wakaridhika. Mama alikuwa kibarazani kwenye cherehani yake. Alikuwa fundi wa nguo, alishonea kijiji kizima, na alikuwa na tabia ya kuingilia mambo ya watu huku mguu ukiendelea kukanyaga. "Mbona mnapima mpya kwa kuukuu?" aliuliza. "Mimi mteja akiniletea gauni lililochanika, namwambia aje na yeye mwenyewe nimpime. Sasa hapo palipoungua mnajuaje palikuwa na nini?"

Shija alicheka hadi akashika mbavu. "Mayu, hii injini siyo gauni. Haina kiuno."

Baba naye akacheka. Mama akasonya, akarudi kwenye pindo lake, nami nilicheka pamoja na wanaume. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile. Ilikuwa siku nzuri, kwa kweli, na Mabula aliruhusiwa kushika spana. Tulikuja kujua baadaye kwamba pale palipoungua palikuwa na tundu la maji. Yule fundi wa zamani aliipachika injini ya umri mwingine, akanunua gasketi iliyokaribiana, akaitoboa kwa mkono tundu lililokosekana ili maji yapite kwenda nyuma. Tundu hilo ndilo lililoliwa na moto. Ile mpya haikuwa nalo. Shija aliilaza, akashusha hedi juu yake, akakaza bolti kwa zamu, na akaziba njia ya maji kwa mikono yake mwenyewe huku akiimba.

Gari liliwaka. Baba alilipeleka Dutwa na kulirudisha, njia kavu, upepo unapuliza, mshale wa joto ukakaa katikati. Akalipeleka mnadani. Likaenda vizuri. Jioni ile baba alikula vizuri, akapiga stori, akamwambia mama, "Haya, gauni lako limekaa." Mama alitabasamu. Nilimwona akitazama angani kule yalikokuwa yanatokea mawingu, yakizidi kuwa mazito kila jioni na kurudi tena bila kunyesha. Watu wengine kijijini walikuwa wanaiomba mvua. Sisi tulikuwa nyumba pekee iliyokuwa inaiogopa, na tuliiogopa kimyakimya kwa sababu ni aibu kuiogopa mvua mahali ambapo wote wamekwisha kutayarisha majembe.

Ilinyesha. Ilinyesha usiku kucha na asubuhi ikaendelea, mvua nzito isiyo na radi, na kulipopambazuka mama alimwita Mabula mlangoni. Hakuja kwa miguu yake. Mama akamfuata kitandani, akambeba hadi penye mwanga, akafunua kiganja. Nilikuwa nimesimama karibu na nikakiona: kilikuwa cheupe kama kitambaa cha pamba. Akampapasa tumbo. Akaanza kuvuta blanketi. Baba alikuwa ameshatoka, na tukasikia landrova ikiwaka mara moja, bila kusita, na sauti hiyo ilinipa furaha ambayo sijawahi kuisahau. Nilijiambia, basi, amepona.

Mama alikaa mbele na Mabula mapajani, amemfunika blanketi mbili. Mimi nilikaa nyuma yao kwenye benchi, nimeshika chupa ya chai na jagi la maji, kwa kuwa alitakiwa anywe sana. Mabula aligeuza kichwa akanitazama. "Shangazi," alisema, sauti imekauka, "usimwage." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu, na wakati ule nilikasirika kidogo, kwa sababu nilikuwa sijamwaga hata tone.

Tuliingia mbugani. Mwanzoni ilikuwa kama safari zile nyingine, matope yakirushwa, gari likiyumba, baba akinong'ona na usukani. Kisha aliinama kutazama mshale, akanyanyuka, akainama tena. Harufu ilikuja kabla ya mvuke. Baba alikanyaga zaidi, kwa sababu kusimama mbugani ni kukwama, na kila alivyokanyaga mshale ulipanda. Katikati kabisa ya uwanda, mahali pasipo na nyumba wala mti wa kujikinga, injini ikagonga kwa nguvu, ikagonga tena, ikazima. Mvuke ukafunika kioo chote. Kilichobaki ni mvua juu ya bati na maji yakichemka mbele yetu.

Baba alifungua boneti akaungua mikono. Alimimina maji ya kwenye jagi, maji ya Mabula, kwa sababu hakukuwa na mengine safi karibu, kisha akachota ya dimbwi kwa kofia. Injini iligoma. Alipiga kelele kuelekea upande wa mashamba, "Ng'ombe! Leteni ng'ombe!" mpaka sauti ikamkauka. Mzee mmoja wa upande ule na wanawe walitusikia, wakaja na maksai wao wa kulimia, wakafunga mnyororo kwenye bampa. Kwetu ng'ombe wameshavuta vitu vingi, lakini sijaona tena landrova ikivutwa kama jembe, taratibu, hatua kwa hatua, watu wakisukuma nyuma na matope yamewafika magotini. Baba alikuwa nje anasukuma. Alikuwa akiita kupitia dirishani, "Mama Limi, anaendeleaje?" Na mama alikuwa akijibu, "Endeleeni."

Nilikuwa nyuma yake, naona mkono wake. Muda mrefu alikuwa akimlowesha Mabula midomo kwa chai, kifuniko kwa kifuniko. Mahali fulani aliacha. Alikifunga kifuniko, akaniwekea chupa mapajani, akalivuta blanketi likamfika Mabula usoni kana kwamba anamkinga na mvua, ingawa mvua ilikuwa haiingii upande huo. Baba akauliza tena. "Endeleeni," akasema mama, sauti ileile. Nilielewa na sikuelewa. Maksai walivuta hadi barabarani, na lori la mtu mwema likasimama kutuchukua, na ndipo baba alipofungua mlango na kunyoosha mikono ampokee mtoto, mama akamwambia. Alimwambia kwa Kisukuma, maneno mawili, nami sitayaandika.

Miezi iliyofuata mama hakumlaumu baba. Afadhali angemlaumu. Alishona, akapika, akamwekea maji ya kuoga, akamjibu alipouliza, basi. Shija alikuja msibani, akakaa mbali, chini, kichwa mikononi, na hakuthubutu kulikaribia gari. Lilirudishwa na maksai walewale, likaegeshwa uani. Baba alilitazama kwa muda mrefu. Siku moja akatoa spana akaanza kufungua hedi mwenyewe, peke yake. Alipoitoa ile gasketi na kuona chuma cha injini kilivyo, tundu liko wazi chini na karatasi imelifunika juu, alikaa kwenye udongo. Mama alimwona kutoka kibarazani. Cherehani ilisimama. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na karatasi yake ya kukatia vipimo, kipande kikubwa, akakiweka karibu na baba, akarudi.

Baba akapaka mafuta machafu juu ya chuma cha injini, akailaza karatasi, akaikandamiza kwa viganja. Alipoibandua, matundu yote yalikuwa yamejichora. Akaikunja vizuri, akaiweka mfuko wa shati. Kuanzia hapo akawa mtu wa kuzunguka. Bariadi, Shinyanga, hata Mwanza, kila duka lenye vumbi, kila uwanja wenye magari mafu, akikunjua karatasi ile kwa watu waliomtazama kwa huruma au kwa kumcheka. Majirani walisema amechanganyikiwa. Mtoto keshazikwa, gasketi ya nini? Hata mimi niliuliza. Mama aliniambia kitu kimoja tu: "Shule zikifungwa uwe unakwenda naye. Usimwache peke yake, hasa penye mito." Sikuelewa habari ya mito. Sasa naelewa, na nikikumbuka kwamba alimkabidhi mtoto kazi hiyo, nasikia baridi.

Tuliipata Maswa, mitaa ya Binza, nyumbani kwa mama mmoja mjane ambaye marehemu mume wake aliwahi kutunza magari ya serikali. Tulielekezwa kwake na fundi mmoja aliyechoka kutuona. "Mwangaluka, mayu," baba alisalimia, akavua kofia, akakunjua karatasi mlangoni. Yule mama alitupeleka stoo. Ukutani, kwenye msumari, kulikuwa na gasketi imefungwa ndani ya karatasi ya nta, haijawahi kuguswa. Baba aliilaza juu ya mchoro. Kila tundu lilikaa juu ya tundu lake, hadi lile la nyuma. Mama yule alifurahi kwa niaba yetu, akasema, "Haya, gari litapona. Lina safari ya wapi?"

"Hospitali," alisema baba.

"Jamani. Nani anaumwa?"

Baba alikunja karatasi, akakunja tena. Nikajibu mimi kwamba hakuna anayeumwa. Yule mama alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaacha kuuliza.

Baba aliifunga gasketi mwenyewe. Kisha akangoja mvua. Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa baba yangu, kwa sababu alikuwa akiingoja kwa hamu, akitoka kila jioni kutazama mawingu, akisaga meno. Iliponyesha ya kutosha, nzito kama ile, alikuja mlangoni asubuhi akasema, "Limi, panda. Kaa palepale ulipokaa." Nilimtazama mama nikitegemea atakataa. Mama alijifunga khanga, akachukua blanketi, akapanda mbele. Mpaka leo sijui alichukua blanketi la nini.

Tulivuka mbuga kwa gia ileile, matope yaleyale. Nilikuwa natazama ule mshale kwa macho yote, na nakiri niliomba upande juu. Niliomba gari lichemke, lizime, tukwame, turudi nyumbani tukijua kwamba njia ile ilikuwa haipitiki, kwamba hakukuwa na gari duniani ambalo lingemfikisha. Tulipita pale katikati. Injini ilikuwa inaunguruma kwa utulivu, mshale umetulia, na landrova ikapanda barabarani ikitiririka matope, ikapita Dutwa, ikapita mashamba, ikaingia Bariadi watu wakiwa bado wanafungua maduka. Baba alisimamisha gari kwenye geti la hospitali. Mlinzi akaja mbio, akidhani tumeleta mgonjwa.

Baba alizima injini. Alikaa, mikono bado imeshika usukani.

"Kumbe lilikuwa linafika," alisema.

"Sasa umejua," alisema mama. "Umeridhika?"

Na hapo ndipo mama alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa sauti kubwa, na baba akalia, na mlinzi akasimama dirishani hajui la kufanya. Nilielewa siku hiyo kwamba afadhali baba asingeipata. Bila ile gasketi angeweza kusema mvua, angeweza kusema Mungu, angezeeka akisema hivyo, na sote tungemwacha aseme. Tulirudi nyumbani. Aliliegesha gari chini ya paa la bati, na hakuliendesha tena.

Sasa Bariadi ni makao ya mkoa, ina ofisi za ghorofa na bodaboda zisizohesabika. Mbugani wameinua tuta, wakalaza makalavati, na kutoka Dutwa ni lami tupu. Watoto wenye ugonjwa ule hupimwa mapema, wanapewa vidonge vya kila siku, na shuleni kwangu ninapofundisha ninao wawili, wakorofi, wanakimbia nikiwakataza. Mafundi wa leo wanapiga picha spea kwa simu, wanaituma Dar es Salaam, wanajibiwa kabla chai haijapoa. Ni vizuri. Nasema kwa moyo wote kwamba ni vizuri, ingawa kuna siku uzuri huo unanichoma kuliko ubaya wa zamani, na sina wa kumwambia isipokuwa mama, ambaye hataki kusikia.

Masika iliyopita nilimchukua baba kwa gari langu dogo nimpeleke kliniki ya macho. Haoni vizuri tena. Mvua ilianza tulipotoka nyumbani, ikawa kubwa, wiper zikawa hazifui dafu. Alikaa uso umeelekea dirishani, na nikawasha redio ili asisikie maji. Nilipoegesha na kuzima injini alishtuka.

"Tumekwama?"

"Tumefika, baba. Hospitali."

Alipapasa kioo kwa vidole, kana kwamba anatafuta kitu upande wa pili. Nilizunguka nikamfungulia mlango, nikamnyooshea mkono, mwavuli juu yake. Hakushuka.

"Mapema hivi," alisema.